Uliza, jibiwa, kisha rudi uandike: mwongozo wa kujifunza na wenzako mtandaoni

Nilipoanza kujifunza kushona, cherehani yangu ilikuwa na tabia moja ya kuudhi. Kwa juu mshono ulionekana safi, lakini ukigeuza kitambaa, chini kuna fundo la nyuzi kama kiota cha ndege. Nikaingia kwenye kundi la washonaji nililojiunga nalo wiki hiyohiyo, nikaandika: "Jamani cherehani yangu inasumbua, msaada tafadhali." Majibu yakamiminika. Badilisha sindano. Tia mafuta. Hiyo ni bobini mbovu (kile kigurudumu cha uzi wa chini). Uza ununue nyingine. Mtu mmoja akanifuata inboksi, akaniuliza jambo moja tu: "Ukiwa unatunga uzi wa juu, ule mguu unaobana kitambaa unauinua au unauacha chini?"

Nilikuwa nauacha chini. Kumbe mguu ukiwa chini, vile visahani viwili vya kukaza uzi vimebanana, kwa hiyo uzi unapita pembeni badala ya kuingia katikati yake. Uzi wa juu usiokazwa ndio huo unaojaa chini ya kitambaa. Nikauinua mguu, nikatunga uzi upya, fundo likaisha. Nikarudi kundini na furaha yangu: "Tayari, imekubali. Asanteni sana."

Mwaka na ushei baadaye cherehani ikarudia mchezo uleule, na mimi dawa yake nimeshaisahau. Nikatafuta humo kundini "cherehani inasumbua". Nikamkuta mtu mwenye shida kama yangu kabisa, na chini yake: "Tayari, imekubali. Asanteni sana." Nikamlaani kimoyomoyo mchoyo huyo kabla sijatazama jina. Lilikuwa langu.

Hatua zinazofuata zimetokana na aibu ile. Nimezipanga kwa mfuatano ambao ningependa mtu angenionyesha siku ya kwanza, na utaona nimezirefusha zile ambazo watu wengi, mimi nikiwa mmoja wao, huzifanya vibaya.

Hatua ya 1: Jua umeingia kundi la aina gani

Kuna makundi ya gumzo, kama yale ya WhatsApp, Telegram na Discord. Humo maneno yanapita kama maji ya mto: jibu zuri la asubuhi, kufika jioni limeshafunikwa na salamu na vibonzo. Yanafaa kwa swali la papo kwa papo na kwa kuzoeana na watu, ila kwa kumbukumbu hayafai sana. Mgeni kwa kawaida haoni yaliyosemwa kabla hajaingia kundi la WhatsApp, na anayetafuta jibu kwenye intaneti hawezi kulifikia lililofungiwa humo.

Kuna majukwaa ya maswali na majibu. Linalojulikana sana kwa watengeneza programu ni Stack Overflow, lililoanzishwa mwaka 2008 na Jeff Atwood na Joel Spolsky. Swali linakaa pale na majibu yake miaka nenda rudi, wasomaji wanayapigia kura, na jibu lililowafaa wengi linapanda juu. Huku watu ni wakali kidogo. Swali ambalo limeshaulizwa hufungwa bila kubembelezana, na mgeni hudhani amechukiwa. Hajachukiwa. Wenyeji wanalinda rafu zao za vitabu zisijae nakala ishirini za kitabu kimoja.

Halafu kuna makundi ya kazi. Wikipedia ni mojawapo, tangu 2001, na ya Kiswahili ipo tangu 2003. OpenStreetMap ni ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea tangu 2004. Kwenye iNaturalist unaweka picha ya mmea au mdudu na wenzako wanakusaidia kuutambua. Ukitaka kujifunza haraka kuliko kwa kuuliza, ingia huku: ukirekebisha kitu na mtu akakirekebisha tena akakuandikia kwa nini, somo hilo halikutoki.

Kabla hujajifunga na kundi lolote, fanya jaribio dogo. Rudi nyuma utafute swali la karibuni lililoulizwa na mgeni kabisa, swali la mtu ambaye dhahiri hajui anachouliza. Angalia alijibiwaje. Kama alichekwa, toka. Kama alijibiwa na watu watatu walioanza kwa kumwambia wanauza dawa ya tatizo lake, toka mbio zaidi. Kama mtu alimwuliza, "Hebu tueleze umefanya nini mpaka sasa," kaa hapo.

Hatua ya 2: Kaa kimya, lakini kwa kazi

Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, aliandika kuhusu jambo ambalo kila admini analijua: katika makundi mengi ya mtandaoni, takriban watu 90 kati ya 100 husoma tu, 9 huchangia mara mojamoja, na mmoja ndiye anayebeba sehemu kubwa ya mazungumzo. Hesabu hiyo ni ya kukadiria, haiingii kila mahali. Lakini inapaswa kukuondolea hofu kwamba ukimya wako ni dhambi. Kusoma ni namna halali kabisa ya kuwapo.

Ila soma kwa kazi. Anza na ujumbe uliobandikwa juu na kanuni za kundi. Wengi hawazisomi, na wanaotolewa kundini mara nyingi ni hao. Kisha zingatia watu. Baada ya siku kadhaa utaanza kuwatambua: huyu hujibu kwa haraka na hukosea nusu ya mara, yule huandika mara moja kwa wiki na akiandika wote hunyamaza. Siku utakayoweza kubahatisha nani atajibu swali fulani, na atajibu nini, umeiva kuuliza.

Kitu cha pili cha kuokota katika kipindi hiki ni msamiati. Mimi nilikuwa nasema "cherehani inasumbua". Wenyeji walisema "uzi wa juu haukazi". Kwa maneno yangu, utafutaji wowote ungeniletea kelele. Kwa maneno yao ungeniletea jibu ndani ya dakika mbili. Kila fani ina majina yake ya maradhi, na asiyeyajua huwa kama mgonjwa anayemwambia daktari "naumwa" kisha anamtazama.

Hatua ya 3: Tafuta kabla hujauliza, na utafute vizuri

Hapa nitapita haraka. Kama mashine au programu imekupa ujumbe wa kosa, unakili neno kwa neno, uweke ndani ya alama za kunukuu, ndipo utafute. Ondoa sehemu zinazokuhusu wewe peke yako, kama jina la faili lako. Ukikosa, tumia visawe. Ukijua lugha mbili, tafuta kwa zote mbili. Mara nyingi jibu liko kwenye lugha usiyoipenda. Na ukikuta jibu, tazama tarehe yake, kwani jibu sahihi la 2012 kuhusu programu iliyobadilishwa mara kumi tangu hapo linaweza kukupotezea siku nzima.

Ukitafuta ukakosa, kazi hiyo haikupotea. Utaitumia sasa hivi.

Hatua ya 4: Andika swali ambalo mtu anaweza kulijibu

Nichukue lile swali langu la aibu nilifumue.

"Jamani cherehani yangu inasumbua, msaada tafadhali."

Msomaji hapa anajua nini? Kwamba nina cherehani, na sina raha. Hajui ni ya aina gani, inasumbua vipi, tangu lini, wala nimeshajaribu nini. Ndiyo maana kila mmoja alijibu kwa tatizo la cherehani yake mwenyewe. Wale walionijibu ovyo nao walikuwa wema. Mimi ndiye niliyewalazimisha kupiga ramli.

Sasa swali lilelile lingekuwa hivi:

"Habari zenu. Mimi ni mgeni wa kushona. Natumia cherehani ya umeme, kitambaa cha pamba chembamba, sindano nimeibadilisha jana. Nikishona mshono wa kawaida, upande wa juu unakaa vizuri lakini upande wa chini nyuzi zinajikusanya fundo baada ya sentimita mbili hivi. Nimejaribu kutoa bobini na kuiweka upya, na nimebadilisha uzi, hali ni ileile. Nimeweka picha ya juu, ya chini, na ya njia ninayopitisha uzi. Nitazame wapi kwanza?"

Limechukua dakika tano zaidi. Angalia lilichobeba: nilichotaka kufanya, nilichofanya, kilichotokea, nilichokwisha jaribu, na mwisho swali lenyewe, moja, lenye alama ya kuuliza. Angalia pia ile picha ya njia ya uzi. Kwenye picha ile mjuzi angeona mguu uko chini kabla sijamaliza kusalimia.

Mambo manne zaidi kuhusu swali, kwa sababu hapa ndipo penye utajiri.

Salamu na swali viende pamoja. Ukiandika "Hamjambo humu?" ukasubiri uitikiwe, kisha "Kuna anayejua mambo ya cherehani?" ukasubiri tena, unawaomba watu waahidi kukusaidia jambo wasilolijua. Mwenye jibu anapita zake. Salimia, na katika ujumbe huohuo weka mzigo mezani.

Sema lengo lako la mwisho, hata kama swali lako ni la hatua ya katikati. Mtu aliwahi kuuliza kwenye kundi moja la kompyuta namna ya kukata herufi tatu za mwisho za jina la faili. Watu wakampa njia nne. Baada ya nusu saa ya mabishano mtu akamwuliza, "Unazitakia nini?" Alitaka kujua faili ni la aina gani, akidhani aina zote huandikwa kwa herufi tatu. Jibu la haja yake lilikuwa jingine kabisa na lilikuwa fupi. Tatizo hili ni la kawaida kiasi kwamba wana programu wamelipa jina: wanaliita tatizo la XY, yaani unataka X, umejishawishi kwamba njia yake ni Y, na unauliza Y tu.

Usiandike "haraka sana". Haraka ni yako. Na usipachike swali moja kwenye makundi sita kwa wakati mmoja. Watu walewale wako kwenye yote sita, na watajisikia kama wamechezewa.

La nne linafurahisha. Mara nyingi utaliandika swali vizuri, utafika kwenye "nimejaribu hivi na hivi", na jibu litakujia kabla hujabonyeza kutuma. Watengeneza programu wengine huweka mwanasesere wa bata wa mpira mezani, wakikwama humweleza bata tatizo mstari kwa mstari mpaka wao wenyewe wanaliona kosa. Bata hana elimu yoyote. Kazi yake ni kukulazimisha useme kila kitu.

Kama unataka mfano mkubwa wa ujumbe mzuri wa mgeni, uko wa tarehe 25 Agosti 1991. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, aliwaandikia watumiaji wa Minix, mfumo endeshi (programu kuu inayoendesha kompyuta), kwenye Usenet, mtandao wa mijadala wa enzi hizo. Alisema anatengeneza mfumo endeshi wa bure, kwa kujifurahisha tu, wala hautakuwa mkubwa, kisha akauliza wanapenda nini na hawapendi nini ndani ya Minix. Alieleza anachofanya, hakujikweza, na aliuliza kitu ambacho kila aliyekuwa pale alikuwa na jibu lake. Mfumo huo ndio Linux.

Hatua ya 5: Pima jibu kabla hujalitumia

Jibu zuri lina sababu ndani yake. "Inua mguu" ni agizo. "Inua mguu kwa sababu ukiwa chini visahani vimebanana" ni elimu, na unaweza kuikagua mwenyewe kwa macho. Jibu zuri pia hutaja mipaka: kwenye aina hii, toleo hili, hali hii. Anayejibu kila kitu kwa uhakika uleule, mpunguzie imani taratibu.

Ukipewa amri ya kuandika kwenye kompyuta, usiibandike kabla hujaelewa kila neno linafanya nini. Upo utani mchafu wa zamani wa kumpa mgeni amri inayofuta kila kitu, na bado una wachezaji wake. Fanya nakala ya kazi yako kwanza. Ukiambiwa ukate, jaribu kwenye kipande cha kutupa. Kwa afya, sheria na fedha, mimi hutumia kundi kwa jambo moja tu: kujua maswali ya kwenda kumwuliza mtaalamu aliye mbele yangu.

Siku hizi kuna majibu yasiyo na mwenyewe. Mtu analiweka swali lako kwenye programu ya akili bandia, ananakili kinachotoka, anakuletea kama chake. Desemba 2022, siku chache baada ya ChatGPT kutoka, Stack Overflow walipiga marufuku majibu ya namna hiyo, kwa hoja kwamba yalionekana sahihi huku mengi yakiwa na makosa, na yalikuja kwa wingi usiokagulika. Hoja ile bado ina nguvu kwangu. Programu hizo nazitumia mwenyewe. Lakini nikienda kwa watu nimewafuata watu, na ninachotaka kujua ni kama kuna mmoja aliyejaribu kwa mikono yake. Kwa hiyo uliza tu, bila ukali: "Wewe umeshaifanya hii? Ilikuwaje?"

Ukikosolewa, shika maudhui uiache sauti. Wapo watu wenye maarifa mengi na adabu kidogo, na maarifa yao bado yanatumika.

Hatua ya 6: Rudi na jibu

Hii ndiyo hatua niliyoiruka mimi, na wengi huiruka, kwa sababu tatizo likishaisha mtu hana tena sababu ya kufungua ule uzi wa mazungumzo. Fungua. Andika hapohapo chini ya swali lako, si mahali pengine:

"Nimerudi. Tatizo lilikuwa mguu wa kubana kitambaa: nilikuwa natunga uzi ukiwa chini. Nimeuinua, nikatunga uzi upya, fundo limeisha. Sababu: mguu ukiwa chini visahani vya kukaza uzi vinajifunga. Kubadilisha bobini na sindano hakukusaidia. Asante kwa aliyeniuliza kuhusu mguu."

Mistari michache. Ina dalili, chanzo, dawa, na, jambo ambalo watu hulidharau, ina dawa ambazo *hazikufanya* kazi. Anayekuja nyuma yako anaokoa jioni yake nzima kwa sentensi hiyo moja. Tumia maneno ambayo mtu mwenye tatizo angeyatafuta, siyo maneno ya mtu aliyeshapona: andika "fundo la nyuzi chini ya kitambaa", maana asiyejua chanzo hawezi kutafuta "visahani".

Ukisaidiwa inboksi, rudi uyaweke hadharani, ukimwomba ruhusa aliyekusaidia kama utamtaja. Mazungumzo ya inboksi ni matamu lakini yanakufa na watu wawili. Na ukilitatua mwenyewe bila msaada wa yeyote, bado rudi. Kufuta swali kwa sababu umeona lilikuwa la kijinga ni kosa: kama wewe umelikosea, yuko mwingine analikosea usiku huu.

Kama hukupata jibu, rudi useme hivyo pia: "Wiki mbili, bado. Nimeacha, nimechukua njia hii nyingine." Njia iliyofungwa ikiwekewa alama ni faida.

Hatua ya 7: Anza kutoa kabla hujajiona tayari

Watu husubiri wawe mabingwa ndipo waanze kujibu. Bingwa amesahau. Hakumbuki tena kwamba kuna mtu asiyejua mguu wa cherehani unainuliwa, kwake hilo ni kama kupumua. Wewe uliyejikwaa jana bado unajua jiwe liko wapi, na kwa mtu aliye hatua moja nyuma yako wewe ni mwalimu bora kuliko bingwa.

Kutoa kuna ngazi, na za chini hazihitaji ujuzi wowote. Muulize anayeuliza kilichokosekana: "Ni upande wa juu au wa chini?" Mwonyeshe swali kama lake lililojibiwa mwezi uliopita, na umwekee kiungo chenyewe, "tafuta humo" siyo msaada. Sema kama kiungo kimekufa. Mkiwa kumi mnabishana, andika muhtasari wa mlipofikia.

Hata kusema "hiki ni nini?" ni mchango. Mwaka 2007 Hanny van Arkel, mwalimu wa shule nchini Uholanzi, alikuwa mmoja wa watu wa kujitolea wa Galaxy Zoo, mradi ambao watu wa kawaida hutazama picha za magalaksi na kuyapanga kwa maumbo. Akaona doa la ajabu karibu na galaksi moja, akawauliza wenzake ni kitu gani. Wanaastronomia nao hawakujua. Ikaja kubainika ni wingu kubwa mno la gesi, linalong'aa kwa mionzi iliyotoka katikati ya galaksi ile jirani. Leo linaitwa Hanny's Voorwerp; neno la pili ni la Kiholanzi, maana yake ni kitu tu. Kitu cha Hanny. Maelfu ya watu walikuwa wakitazama picha za mradi ule. Yeye alithubutu kuuliza.

Wakubwa nao wamejaribu kufikiri hadharani. Mapema mwaka 2009 mwanahisabati Timothy Gowers wa Cambridge aliweka wazi tatizo gumu akamkaribisha yeyote achangie, kwa sharti ambalo ningependa kila kundi lilikopi: leta wazo dogo, hata nusu ya wazo, usijifungie kulikamilisha peke yako. Kufika Machi akatangaza kwamba inaelekea wamelitatua. Ukiyasoma mazungumzo yale utakuta wanahisabati wakubwa wakikosea mbele ya watu na kujirekebisha aya inayofuata, bila mtu kuona haya.

Ukijibu, jibu alichouliza kwanza, ushauri wa ziada baadaye. Sema umelijuaje: "nimejaribu", "nimesoma", na "nahisi" ni vyeti vitatu tofauti, usivichanganye. Ukikosea, usifute kimyakimya; weka masahihisho juu kabisa ya jibu lako. Ukimrekebisha mtu, rekebisha sentensi yake umwache yeye. Na ukichukua maelezo au picha ya mwingine, mtaje. Maandishi ya Wikipedia na majibu ya Stack Overflow yanatolewa kwa leseni za Creative Commons, ambazo zinakuruhusu kuyatumia mradi umtaje aliyeyaandika na ulichojenga juu yake ukitoe kwa masharti hayohayo. Hata pasipo na leseni, adabu inatosha.

Hatua ya 8: Linda vyako na vya wenzako

Kwa ufupi. Picha ya skrini kabla hujaituma, ikate: kona ya juu huwa na jina, namba au ujumbe wa mtu ambaye hakuombwa. Picha ya simu inaweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa. Baadhi ya huduma huzifuta taarifa hizo na nyingine haziziondoi, kwa hiyo zima mwenyewe kipengele cha mahali kwenye kamera. Namba ya uthibitisho iliyokuja kwenye simu yako haimhusu yeyote, hata admini. Anayekufuata inboksi dakika moja baada ya kuuliza, akiwa na huduma ya kulipia, hakuja kufundisha. Na maneno ya kundi la faragha usiyapeleke kundi jingine bila kuuliza.

Hatua ya 9: Toa maji mtoni, weka mtungini

Hii ni ya waliokaa muda, hasa maadmini. Usenet, ule mtandao wa mijadala uliobuniwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke mwaka 1979, ulikuwa na msimu wake wa tabu: kila Septemba wanafunzi wapya waliingia kwa wingi wakiuliza yaleyale, na wenyeji wakatumia wiki kadhaa kuwaelekeza. Kuanzia Septemba 1993 wageni wakawa hawakatiki tena, na wazee wa Usenet wakauita mwezi huo Septemba isiyokwisha. Moja ya silaha zao ilikuwa orodha ya maswali yanayoulizwa mara kwa mara pamoja na majibu yake, ikichapishwa upya kila baada ya muda. Orodha hizo tumezirithi, ziko kila tovuti.

Kwenye kundi la gumzo kazi hiyo ni muhimu maradufu. Chagua siku moja kwa mwezi. Rudi nyuma, okota maswali yaliyojirudia na majibu yaliyothibitishwa na mtu aliyerudi kusema "imekubali kwa sababu hii", yaweke kwenye waraka mmoja, ubandike kiungo juu. Andika tarehe pembeni ya kila jibu. Usingoje upendeze. Waraka wetu wa washonaji ulianza na maswali manne.

La kwanza kati ya hayo manne ni langu. Siku ile nilipojikuta nimejilaani mwenyewe, nilimtafuta yule wa inboksi, nikamwuliza upya bila kujitetea, akacheka, akanijibu tena. Safari hii nikaenda moja kwa moja chini ya ile "Tayari, imekubali" yangu na kuandika yote: mguu, visahani, bobini isiyokuwa na kosa. Wiki tatu baadaye mshonaji nisiyemfahamu akaongeza mstari chini yangu: "Mimi mguu nilikuwa nauinua na bado nyuzi zikajaa chini. Nimekuta vumbi la nyuzi limeganda katikati ya visahani, havifungi. Nimepitisha kitambaa chembamba katikati, limetoka, sasa inakubali."